Goti la mama

Mama ana miaka 68, goti lake la kulia limesagika. Eksirei ilionyesha gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika. Lakini kilichomfungia ndani hasa ni hofu: kila hatua aliona anazidi kulisaga, akaacha kwenda sokoni, akaacha hata kikao cha kikoba chake, na alikipenda mno. Misuli ya paja ikalegea, usingizi ukapotea, maumivu yakazidi.

Mtaalamu wa fiziotherapia akamwambia, "Mama, picha na maumivu si lazima vilingane. Wapo waliolika zaidi yako na wanatembea." Akamwanzishia kuketi na kuinuka kitini, mara 10 asubuhi, 10 jioni.

Leo ni wiki ya 9. Goti bado linauma. Aliporudi na dagaa alizonunua mwenyewe, nililia jikoni.