Mjapani aliyenichania mkeka

Jana usiku nimekutana na klipu ya Shinji Okazaki, yule straika Mjapani wa zamani wa Leicester, nikacheka peke yangu. Huyu jamaa alishawahi kunichania mkeka wa kubeti!

Machi 14, 2016, Jumatatu, saa tano usiku. Kibanda umiza tupo wachache, benchi langu lina mguu mbovu. Leicester na Newcastle, Ligi Kuu England. Benítez ndio anaanza kazi Newcastle, nikajisemea kocha mpya hafungwi, nikaweka sare. Dakika ya 25 mpira unaingizwa kwenye boksi, Vardy, straika mwenzake, anaurudisha kwa kichwa, Okazaki kageuzia goli mgongo, anajirusha, tiktak! Nyavuni. Mzee wa chaji za simu aliacha kuhesabu chenji. Ikaisha 1-0, Leicester pointi 5 mbele, na Mei wakawa mabingwa.

Mabao yake ya ligi msimu ule yalikuwa 5 tu. Watu wakamdharau. Lakini nani alikuwa anawakimbiza mabeki mpaka wanachoka, halafu Vardy anakuja kula kilaini? Na huyohuyo kule Mainz, Ujerumani, alifunga 15 msimu wa 2013/14, Japani akaiachia mabao 50 katika mechi 119. Kwa straika wa kimo chake, mabeki wa Ulaya wakiwa kama minazi, mimi navua kofia.

Alitundika daluga 2024 akiwa Sint-Truiden, Ubelgiji. Mkeka nilishausamehe. Ile tiktak bado naitafuta YouTube kila bando likiruhusu.