Namna nilivyolirudisha bao la kete ndani ya nyumba yetu siku za Sikukuu

Bao lilikuwepo kwetu tangu sijazaliwa, ila lilikuwa la barazani. Wanaume wa mtaa walilikalia baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, wanawake wakipita na safari zao, watoto wakifukuzwa kwa sababu wanagusa kete. Matokeo yake ni kwamba katika ukoo mzima, wanaojua kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi mashimoni moja moja, walibaki babu, ami zangu na mimi. Hilo lilikuwa likiniuma kwa muda mrefu. Babu amekuwa mtu mzima sana, macho yake yamefifia, na nilikuwa nikijiuliza wajukuu watabaki na nini chake.

Idi ya Fitri ya mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, katikati ya masika, na mvua za mwaka ule zilikuwa nzito. Hapa Unguja Sikukuu ni siku nne, na watoto huzisubiri kwa ajili ya viwanja: nguo mpya, mkono wa Idi mfukoni, kisha Mnazi Mmoja. Mvua ikawafungia ndani. Nyumba yetu ya Ng'ambo, hapahapa mjini Unguja, ilikuwa imejaa. Walikuwepo waliotoka Dar es Salaam, na binamu yangu alikuwa amekuja na wanawe kutoka Muscat. Tangu Ramadhani nilikuwa nimeshanuia kwamba Sikukuu hiyo tutacheza bao sote, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume.

Jambo la kwanza nililofanya, na mpaka leo naona ndilo lililofungua mlango, ni kulitoa bao barazani na kuliweka ukumbini, juu ya mkeka, mahali ambapo kila anayetoka jikoni lazima apite. Baraza lina wenyewe na adabu zake. Ukumbini hakuna wa kumwambia mwenzake kwamba hapa si mahali pako. Haikupita muda shangazi akasimama na sinia la visheti mkononi, akaangalia, akaona nafasi ya kula kete za mpinzani, akasema, "Hiyo ina mtaji pale, nyinyi hamuioni?" Tukageuka sote. Kumbe shangazi, aliyekulia Makunduchi, alikuwa akicheza na kaka zake utotoni kwenye mashimo waliyoyachimba mchangani. Alipoolewa hakuligusa tena. Nilimpisha nafasi yangu palepale.

Kwa watoto nilianza na komwe zenyewe. Kete zetu ni komwe za pwani, zile za kijivu zinazotoka kwenye maganda ya miiba ya mkomwe. Niliwamwagia mkekani wazihesabu, wakazipanga mbilimbili mpaka zikatimia 64, wakagawa 32 kwa 32. Mmoja akagundua kwamba komwe ukiisugua sakafuni inapata moto wa kuunguza, na kwa muda mchezo ukawa ni kuunguzana mikono. Niliwaacha. Mtoto aliyeishika komwe hivyo haiogopi tena, na bao huwatisha wengi kabla hawajaligusa, kwa sababu wanaona mikono ya wazee inakwenda mbio na hawajui inafuata nini.

Hatukuanza na bao la Kiswahili kamili. Tulianza na bao la kujifunza: kete mbilimbili katika kila shimo, safu nne za mashimo manane, hakuna nyumba (lile shimo la tano la safu ya mbele linaloanza na kete nyingi), hakuna kunamua, hakuna kete za mkononi. Unachota shimo lenye kete mbili au zaidi, unatawanya moja moja, na kete ya mwisho ikiangukia penye kete katika safu yako ya mbele, na mwenzako mbele yake ana kete, unakula. Ikiangukia penye kete lakini hakuna cha kula, unachota zote unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Kula kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, au kimbi, linalopakana nalo, kuna sharti lake, kwamba kete ulizokula zianzie kichwa cha upande uleule. Hili sikulieleza mapema. Nilingoja litokee, kisha nikalionyesha kwa mkono. Maelezo marefu kabla ya mchezo huwachosha watoto bure.

Watoto wa Muscat walishika haraka kuliko nilivyotarajia, maana Oman kuna hawalis, mchezo wa safu nne vilevile ingawa una mashimo saba kila safu, na waliwahi kuwaona wazee wa huko wakiucheza. Wa Dar es Salaam wakaona haya kupitwa, na hapo sikuwa na kazi ya kumbembeleza mtu.

Simu sikumnyang'anya yeyote. Najua wazazi wengi huanza hapo, lakini naona ukimpokonya mtoto simu, mchezo unaomletea unakuwa adhabu. Anayetaka simu yake awe nayo. Bao likichangamka huiweka chini mwenyewe, kwa sababu kutawanya kunataka mikono yote miwili.

Sharti nililolisimamia kwa nguvu ni moja: mkono wa mtu mzima hauingii kwenye bao la mtoto. Wachezaji wetu wa barazani wana tabia ya kuona mtaji na kuunyakua hata kama si zamu yao, na ami yangu mkubwa nilimwambia kwa heshima zote, "Ami, nakuomba, muulize tu." Basi akawa anauliza: "Ukichota hapo unafika wapi?" Mtoto anahesabu kwa kidole. Swali hilohilo, tena na tena.

Lililobaki ni babu. Hawezi tena kuona kete, na kuanza kupapasa mashimo kunamtia unyonge mbele ya watu. Mjukuu mmoja, binti wa miaka kumi, akakaa ubavuni mwake akawa anamsimulia: ami kafanya hivi, ami kafanya vile. Babu akamkatiza, "Usinihadithie, mama. Nitajie mashimo." Akamfundisha kuyataja kwa mpangilio, kutoka kushoto kwake: kichwa, kimbi, la tatu, la nne, nyumba, la sita, kimbi, kichwa. Kisha safu ya nyuma. Kisha safu za mpinzani. Binti akawa anataja, "Kichwa moja, kimbi tupu, la tatu mbili," na babu amefumba macho, anaitikia kwa kichwa. Akimaliza, babu anasema achote wapi na aelekee wapi, na binti anatembeza. Baada ya michezo michache babu hakuhitaji kutajiwa upya. Alikuwa analibeba bao zima kichwani, na yeye ndiye aliyemkosoa binti: "Hapo la sita ni tatu, si mbili. Hesabu tena." Ikawa kweli ni tatu.

Sikuwa nimelipanga hilo, na ndilo lililomfundisha yule binti kuliko lolote nililofanya mimi. Mtoto anayelazimika kulitaja bao kwa sauti analiona. Hadi siku ya tatu ya Sikukuu alikuwa ameshaomba kuingia bao la Kiswahili lenyewe: nyumba yenye kete sita, mashimo mawili ya kulia kwake yana mbilimbili, kete 22 mkononi za kunamua.

Alicheza na ami. Katikati ya kunamua alikula kete tano, akaanzia kichwa cha kushoto, na ya tano ikaangukia nyumbani kwake, ikafanya kumi na moja. Mbele ya nyumba yake, upande wa ami, shimo tupu. Hapo sheria inampa mtu hiari, alale au asafiri, yaani achote nyumba yote aitawanye. Watoto wote wakapiga kelele, "Safiri! Safiri!" Yeye akahesabu polepole: tatu zinamaliza mbele, nane zinajaza nyuma, ya mwisho kona ya nyuma kushoto. Kona ilikuwa tupu. Akamgeukia babu, "Nikisafiri nitalala tu, na nyumba sina tena. Nalala hapahapa." Babu hakusema kitu, akamshika bega. Na kwa kuwa shimo la ami mbele ya nyumba lilikuwa tupu, ami naye hakuweza kunamua hapo aile nyumba hiyo moja kwa moja. Ami alishinda mwishoni, lakini alifanya kazi.

Kuhusu kushindwa, tuliifuata desturi ya baraza: aliyefungwa anasimama, anayefuata anakaa. Inasaidia sana nyumba ikiwa na watu wengi, kwani foleni inakwenda na hakuna wa kung'ang'ania mkeka. Mtoto aliyelia alipewa kazi ya kutunza kete za mkononi za wachezaji, na kazi hiyo ikageuka ya kugombaniwa. Wadogo kabisa, wasioweza kuhesabu, walikuwa na ludo yao na dhumna pembeni, na shangazi akitoka kwenye bao anakwenda kuwaamulia ugomvi.

Atakayetaka kujaribu kwake asihangaike kwanza na bao la mninga. Mashimo 32 mchangani yanatosha, na penye sakafu, duara za chaki zinafanya kazi vizuri. Kete ziwe komwe, au kokoto laini zinazolingana. Muhimu ni kumtafuta mzee mmoja anayejua na kumkalisha mahali ambapo nyumba nzima inapita.

Binti yule sasa anacheza na babu kwa simu kutoka Dar es Salaam. Kila mmoja ana bao lake, na huku kwetu yupo wa kumtembezea babu. "Shikamoo babu. Nimenamua la nne, nimekula mbili, naanzia kulia." Kabla ya Idi ya Adha ya mwaka uleule alikwishamwambia ami yake ajiandae, na shangazi akadai kwamba safari hiyo mchezo wa kwanza ni wake.