Sahani 42

Agosti 2019 shirika letu lilikuwa na miezi minane, wafanyakazi wanne na meza mbili. Ofisi ilikuwa chumba cha uani huko Ngamiani, barabara ya 12, mjini Tanga. Mkataba wangu ulisema afisa mafunzo. Mhasibu alikuwa wa kujitolea, anakuja Jumamosi tu, kwa hiyo siku nyingine zote mhasibu nilikuwa mimi. Na kufagia, na kulipa luku.

Wiki ile mkurugenzi alikuwa Dodoma. Tulikuwa tumesajiliwa BRELA, wakala wa kusajili kampuni, na mwaka ule sheria ikarekebishwa, mashirika ya namna yetu yakatakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGO. Alipanda basi na bahasha ya katiba, mihtasari na picha za paspoti, akalala gesti kwa pesa yake. Ndiyo maana barua pepe ya mfadhili ilinikuta peke yangu.

Hati za robo ya kwanza zilikuwa sawa, ila shilingi 100,000 za chakula, mafunzo ya vikundi vya kuweka na kukopa, Kigombe. Hazikuwa na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Isipopatikana, zirudishwe. Akaunti nzima ilikuwa na 83,000, na awamu ya pili ilikuwa inangoja hati hizo hizo.

Sasa EFD ya wapi? Chakula kilipikwa na mama lishe mwenye mafiga matatu chini ya mwembe. Nilipiga simu nikabembeleza, wakalegeza kidogo: hati ya malipo yenye sahihi ya muuzaji, muhuri wa kijiji na idadi ya sahani. Idadi ndiyo iliyonitia tumbo joto. Tulilipia sahani 40 kwa 2,500, lakini karatasi ya mahudhurio ilikuwa na sahihi 38.

Nilifika Kigombe saa tano, vumbi la barabara ya Pangani limenijaa hadi kwenye kope. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mko wangapi?"

"Niko peke yangu, mama. Nimefuata karatasi."

Nikamweleza. Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Kumbe wanasema nimewaibia?"

"Hata kidogo, mama. Ni utaratibu tu." Mwaka ule neno hilo nililitumia kama watu wanavyotumia inshallah.

Hakunijibu. Aliinuka, akanipeleka jikoni, akanionyesha nyuma ya mlango. Kulikuwa na mistari ya mkaa, minne imesimama na wa tano umeikata, fungu baada ya fungu. Nilihesabu mara mbili. 42.

"Mwenyekiti alikula, akaja na mgeni wake. Bosi wenu akaniambia, tutamalizana, mama. Basi nawangoja mje tumalizane."

Hati yenyewe ilitaka sahihi, naye hakuwahi kukaa darasani. Kidau cha wino cha mtendaji kilikuwa kimekauka. Muhuri wenyewe aliugonga mara nne ndipo ukasomeka. Nikashika kidole gumba cha mama, nikakipaka wino wa peni, nikichora duara juu ya duara. Akacheka, kwamba namtekenya. Alama ya kwanza ikatoka doa la bluu, haina hata mstari mmoja, kwa jinsi masufuria ya moto yalivyokilainisha kile kidole. Ya pili vilevile. Ya tatu nikaiacha hivyo hivyo.

"Umeandika ngapi?"

"Arobaini, mama. Ndizo zilizolipwa."

"Na zile mbili?"

Nikatoa 5,000 mfukoni mwangu. Nauli ya kurudi ilikuwamo humo, ikabidi nimwombe lifti mtu wa pikipiki aliyekuwa anapeleka samaki mjini. Mama aliikunja ile noti, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akachovya kitambaa kwenye ndoo, akafuta mlango wote, mistari yote 42, akaukausha kwa kiganja.

Jumatatu mfadhili akajibu. Hati imepokelewa, wanashukuru kwa ushirikiano. Ila tuwaeleze kwa maandishi, kwa nini sahihi ni 38 na sahani 40.