Kisu cha kifuani: mahali pake na namna ya kukifunga

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipiga kafi katika hori ya Kilifi, aghalabu alfajiri kabla ya upepo kuamka, na swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaoniona nikitia kayaki majini linahusu kisu kidogo chenye mpini wa rangi ya chungwa kilichofungwa kifuani pangu. Wengi hudhani nimekibeba kwa ajili ya papa. Papa hana habari nami. Ninachokiogopa ni kamba.

Anayeifahamu bahari yetu ataelewa upesi. Kuna kamba za nanga na za maboya ya mashua zinazolala horini, kuna majarife yanayotegwa usiku kwa vyelezo vya chupa za plastiki ambavyo huvioni mpaka umevifikia, kuna mishipi iliyokatika na kunasa mwambani, na zaidi ya hizo zote kuna kamba tunazojifungia wenyewe: ya kumvuta mwenzako aliyechoka, ya kuzuia kafi lisipotee, ya kukazia mizigo juu ya kayaki. Mtu akipinduka mahali ambapo maji yanakwenda mbio, kamba iliyolegea humzunguka mguu au mkono, kisha mkondo huikaza. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na yale yanayoingia horini yote hayana budi kutoka kwa mlango uleule. Hapo huwezi kushindana nayo kwa mikono mitupu ili upate nafasi ya kufungua fundo.

Kisu changu cha kwanza nilikifunga mguuni, kwa kuwa ndivyo nilivyowaona wapiga mbizi wakifanya. Sikufikiri kwamba miguu ya mpiga mbizi iko wazi, ilhali yangu imo ndani ya kayaki, chini ya sketi ya kuzuia maji, yaani kile kitambaa kinachovaliwa kiunoni na kufunika tundu la kayaki. Siku niliyokwenda kukijaribu, katika maji ya kiuno huku rafiki yangu amesimama kando, nilipinduka, nikapapasa, nikagundua kwamba ni lazima kwanza niivue ile sketi, kisha nijikunje, kisha nitoe mguu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimevaa kisu ambacho ningekifikia baada tu ya kutoka, yaani baada ya shida kwisha. Nikahamia kisu cha kukunja ndani ya mfuko wa jaketi la kuokoa maisha, na hicho nacho hakikudumu: zipu iliganda kwa chumvi, na kukikunjua kulihitaji mikono miwili, jambo ambalo aliyeshika kafi kwa mkono mmoja hawezi kulitimiza.

Ndipo nilipokuja kifuani, ambako majaketi mengi ya wapiga kafi yameshonewa kipande bapa chenye matundu kwa kazi hiyo hasa. Mimi nimekifunga upande wa kushoto, mpini ukielekea chini na kuinama kidogo kuelekea tumboni, ili mkono wowote ule ukifikie bila kutafuta. Wapo wanaopenda mpini uelekee juu, wakisema kwamba kisu hakiwezi kuanguka chenyewe, na hoja yao ina uzito. Lakini anayechomoa kuelekea juu hupitisha makali karibu na kidevu chake, tena akiwa amepinduka na haoni kitu. Anayechomoa kuelekea chini huyaondoa makali usoni. Gharama ya uamuzi wangu ni kwamba kila kitu kinategemea ala. Ikilegea, kisu kinakwenda zake.

Na kilikwenda. Nilikuwa nikirudi kupitia mahali mawimbi yanapovunjika, nikapigwa, nikatoka ndani ya kayaki na kuipanda tena kwa tumbo, na nilipofika ufukweni ala ilikuwa tupu. Ule ulimi mdogo wa plastiki unaokishika kisu ulikuwa umelika kwa mchanga, na bila shaka nilipokuwa nikijiburura juu ya kayaki, kifungio kilibanwa kikafunguka. Tangu hapo nimeelewa kwamba ala inadaiwa mambo mawili yanayogombana: isikiachie kisu hata ukiviringishwa na wimbi, na ikiachie mara moja ukikitaka. Hakuna ala inayotoka dukani ikiwa imeyapatanisha. Ni juu yako kukaza au kulegeza skurubu zake, kisha uigeuze juu chini na kuitikisa, uruke majini ukiwa umeivaa, upande kayaki kwa tumbo mara kadhaa, na mwisho ukichomoe kisu kwa mikono iliyolowa, macho yamefungwa, mara kumi kwa mkono wa kulia na kumi kwa wa kushoto. Majirani watakucheka. Waache.

Mzee mmoja mvuvi aliyenikuta katika mazoezi hayo aliniuliza, "Mwanangu, kwa nini usikifunge ugwe kama sisi?" Kisu chake yeye kimefungwa kwa ugwe kwenye shina la mlingoti wa ngalawa, na sijapata kusikia kwamba kimepotea. Nilimjibu kwa heshima kwamba yeye ameketi juu ya chombo, mimi nimevaa chombo, na ugwe mrefu ni kamba nyingine ya kuninasa, mwishoni ikiwa na chuma kikali kinachopigapiga hovyo wimbini. Hakuridhika sana. Mimi bado naona ni afadhali kupoteza kisu kuliko kufungwa nacho.

Kuhusu kisu chenyewe sina mengi. Kiwe kigumu kisichokunjwa, chenye ncha butu, kwa kuwa kazi yake ni kukata karibu na mwili wa mtu na jaketi lililojazwa povu. Upande mmoja uwe na meno ya kukerezea kamba nene. Uzi mwembamba wa plastiki, kama ule wa mshipi, huteleza juu ya makali yaliyochakaa, kwa hiyo uvute ukazike kabla ya kukata.

Katika miaka yote hii nimekichomoa kwa dhati mara moja tu. Nilikuwa nikimvuta mwenzangu maji yakitoka, kamba ikazunguka mnyororo wa boya katikati yetu, naye akaanza kulala ubavu. Kifungio cha haraka cha mkanda wangu unaoshika kamba hiyo ya kuvutia, ambacho ndicho kinachopaswa kutangulia kisu, kilikuwa kimebanwa chini ya jaketi. Kamba iliyokazika haihitaji kukerezwa. Niliigusa kwa makali ikakatika na kuruka kama upote wa upinde. Mara nyingine, mbele ya jarife lililonasa usukani wa mwenzangu, sikukichomoa kabisa. Alikuwa ameketi wima, hana hatari yoyote, na wavu ule ni riziki ya mtu, kwa hiyo tuliunasua kwa vidole, jicho moja baada ya jingine, huku jua likituchoma.

Nikirudi nyumbani nasuuza kisu na ala kwa maji baridi, nikivitenganisha, kwa sababu chumvi hujificha ndani ya ala. Mwezi uliopita, nikiwa barazani na kazi hiyo, skurubu moja ya ala ilivunjika vidoleni mwangu ikiwa imeliwa na kutu mpaka kiini, na huku bapa la kisu linang'aa. Nilikuwa nimelichunguza bapa hilo kila wiki. Skurubu sikuwa nimeitazama hata mara moja. Nimezibadilisha zote nne.