Pipa la Horombo

Getini Marangu, tukianza kupanda Kilimanjaro, mizani ilikuwa haina neno na pipa letu. Wenye maneno walikuwa watu. "Kaka, hiyo mbege mnampelekea nani?" mpagazi mmoja aliuliza, foleni nzima ikaangua kicheko. Lilikuwa pipa la plastiki la lita 200, halina kitu ila hewa. Mzigo wa mpagazi mlimani hauzidi kilo 20, kwa hiyo betri ya gari ilipata mgongo wake peke yake.

Ilikuwa 2011, nikimsaidia mwalimu wangu wa fizikia. Tulikuwa tunaifuata radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokana na urani iliyomo kwenye udongo na miamba. Kila siku 3.8 nusu yake hutoweka. Bahari hutoa kidogo mno, ndiyo maana hewa iliyokaa baharini majuma kadhaa huwa karibu haina kitu. Bondeni hewa ya nje huweza kuwa na bekereli 10 hivi, yaani atomi 10 zinazovunjika kila sekunde, kwa mita ya ujazo. Kule juu tulitarajia moja, au pungufu.

Gesi chache namna hiyo unaihesabu inapokufa. Feni inavuta hewa kuipitisha ndani ya pipa. Chujio la kwanza linazuia vitoto vya radoni, yaani atomi zinazobaki ikifa, vilivyozaliwa nje. Radoni yenyewe inapenya. Ikifa ndani ya pipa, vitoto vipya vinanaswa na chujio la pili. Navyo vikifa hurusha chembe ya alfa; ikigonga unga wa salfaidi ya zinki, unatoka mmweko mdogo, na jicho la umeme linauhesabu. Jicho lile halina adabu: mwanga ukipenya hata kwa tundu la sindano, nao linauhesabu.

Kambi ya Horombo, mita 3,720. Usiku wa kwanza daftari lilisema mimweko 9, 11, 8 kwa saa. Safi. Saa tano asubuhi, 26. Saa nane mchana, 34. Nikaishiwa nguvu: mwanga unavuja! Nikazungushia tepu nyeusi, kisha turubai, mwisho blanketi langu mwenyewe, nikalala nikigongana meno. Kesho yake ikawa vilevile. Kwenye simu mwalimu alisema kwa kifupi: fungeni, mshuke.

Mzee aliyekuwa akitupikia aliniuliza kinachonikosesha chakula. Nikamweleza. Akanyoosha mwiko kuelekea mawingu yaliyokuwa yakitambaa kutoka msituni.

"Mchana upepo unapanda, mwanangu. Usiku unashuka. Nikikaanga vitunguu saa hizi, harufu wanaipata walioko juu."

Nikabaki nimeduwaa. Basi mchana pipa lilikuwa linavuta hewa ya huko chini, iliyolala juu ya udongo wa migombani, na usiku hewa ya juu isiyogusa ardhi. Na mimi msomi nimeshinda na tepu!

Saa sita mchana nikachomoa waya wa feni, nikavua blanketi na turubai, nikaliacha pipa juani. Kama ni mwanga, hesabu itabaki juu. Kama ni radoni, itashuka, maana bila feni vitoto vipya havifikishwi kwenye chujio. Nusu saa ya mwisho feni ikizunguka ilikuwa 16. Kila nusu saa zikafuata 13, 7, 4. Saa nane, jua likiwaka, 2.

Nikampigia mwalimu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama betri itafika Jumamosi.

Usiku ule nilijifunika blanketi langu.