Mifupa ya Mfalme wa Edomu

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Somo la wiki hii ni mstari mmoja, na sikumbuki kama nimewahi kuusikia ukihubiriwa: Amosi 2:1. Mungu anawahukumu Wamoabu, na kosa analowatajia ni hili tu, kwamba waliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hadi ikawa chokaa. Hakuna Mwisraeli aliyeguswa hapo. Tena rudi nyuma kidogo, 1:11, utawakuta Waedomu hao hao wakihukumiwa kwa kumwandama ndugu yao kwa upanga bila huruma. Kwa hiyo huyu aliyechomwa hakuwa mtu wa nyumbani, wala taifa lake halikuwa na mikono safi. Lakini mifupa yake ilipofanyiwa ukatili, Mungu aliona, na akaiandika kwenye hesabu.

Mstari huo ulinirudia niliposoma habari za Shizuoka, mji wa Japani.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni 1945, ndege za Marekani aina ya B-29 ziliumwagia mji huo mabomu ya moto. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Watu wapatao 2,000 walikufa, wengi wao raia wa kawaida tu, akina mama, wazee, watoto waliokuwa wamelala. Katikati ya moshi huo ndege mbili ziligongana angani, zikaanguka. Wamarekani 23 waliokuwamo walikufa.

Sasa jiweke pale asubuhi yake. Mji unafuka moshi. Unamtafuta mwanao kwenye majivu, na mbele yako umelala mwili wa mmoja wa waliotoka kuuchoma mji wako. Ungefanya nini? Msinijibu haraka. Mimi najua ambacho ningefanya, na hakiandikiki kwenye tafakari.

Mkazi mmoja wa hapo, Fukumatsu Ito, aliwazika. Aliwazika pamoja na wafu wa mji wake mwenyewe. Vita vilikuwa havijaisha, chuki ilikuwa bado mbichi, na wenzake walimlaumu kwa jambo hilo. Kwenye mabaki ya ndege aliokota chupa ya maji ya chuma, ile ambayo askari hutembea nayo, imeungua ikawa nyeusi, na juu yake kuna alama inayoonekana kama ya mkono ulioishika.

Ito hakuwa Mkristo. Alikuwa Mbudha. Nalisema hili wazi kwa sababu sisi ndio tunaokariri matendo ya huruma ya kimwili tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, hadi la saba, kuzika wafu. Tunaliimba hilo la saba kama vile halina gharama. Katekista wangu hakutuambia kwamba mfu mwenyewe anaweza kuwa ndiye aliyetuchomea nyumba.

Baadaye Ito alisimamisha kumbukumbu juu ya mlima Shizuhata, mlima mdogo unaoutazama mji. Ziko mbili: moja ya raia waliokufa, nyingine ya Wamarekani wale. Zinasimama karibu karibu. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu Ito hakuwapunguzia wafu wake heshima ili awapatie wageni. Wala jiwe la Wamarekani halisemi kwamba walichofanya usiku ule kilikuwa sawa. Linasema walikufa hapa, nao walikuwa watu.

Baada yake kazi hiyo ilipokewa na daktari Hiroya Sugano, ambaye usiku ule wa moto alikuwa mtoto. Kila mwaka mwezi Juni watu hukusanyika pale juu, Wajapani na wanajeshi wa Marekani, na wiski ya Kimarekani humiminwa kwenye jiwe kutoka katika chupa ile ile nyeusi. (Najua wazee wetu wa jumuiya wanatabasamu, tambiko wanalijua. Tuliache.) Sugano aliwahi pia kuibeba chupa hiyo hadi Pearl Harbor, mahali Wajapani walipoanza kuwashambulia Wamarekani mwaka 1941, akamimina wiski baharini kwa ajili ya mabaharia waliokufa huko. Yaani naye alikwenda kwenye kaburi ambalo watu wake ndio waliolichimba.

Mithali 24:17 inasema, "Usifurahi, adui yako aangukapo." Nilidhani naushika mstari huu. Miaka kadhaa iliyopita alifariki jirani yangu ambaye tuligombania mpaka wa shamba hadi barazani. Msibani nilikwenda, maana kwetu usipokwenda utasemwa. Nilikaa kwenye turubai, nilitoa rambirambi, pilau nilikula. Lakini walipoitwa majirani kutupia udongo, nilijifanya napokea simu, nikasogea kando. Sikuchekelea, hapana. Nilimnyima tu konzi moja ya udongo.

Watoto wake wamehamia mbali. Kaburi lake liko mistari mitatu kutoka lilipo la mama yangu, na Novemba iliyopita nilipokwenda kusafisha, majani yalikuwa yamefika kiunoni. Nilifyeka la mama, nikaishia hapo.

Mwezi wa marehemu ndio huu umeingia. Karatasi za majina kwa ajili ya misa zipo kwa katibu, na nafasi ni kumi kila familia. Mimi nimejaza tisa. Jumamosi tunakutana makaburini saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenye fyekeo aje nalo, na kama unalo la ziada niazime, langu limelegea mpini na mwaka huu nina makaburi mawili.