Kutoka Mekelle hadi Negash

Sisi tuliosoma chuoni Mombasa tulimjua Najashi, mfalme wa Uhabeshi (Ethiopia ya leo), kabla ya kujua nchi yake iko upande gani wa ramani. Karibu mwaka 615 aliwapokea masahaba waliokimbia mateso ya Makureshi, na wajumbe wa Makka walipomfuata na zawadi ili awarudishe, akakataa. Kijiji kinachotajwa kuwa na makaburi ya baadhi yao ni Negash, jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, na huko ndiko nilikotaka kwenda kuzuru.

Nilisafiri Juni 2023. Ndege za Addis Ababa kwenda Mekelle, mji mkuu wa Tigray, zilikuwa zimerudi Desemba iliyotangulia, baada ya serikali ya Ethiopia na TPLF, chama kilichoongoza Tigray, kutia saini mkataba wa Pretoria wa kusimamisha vita tarehe 2 Novemba 2022. Kwa sehemu kubwa ya miaka miwili ya vita, watu wa Tigray walikuwa wamezingirwa: benki zimefungwa, simu hazipatikani, dawa hospitalini zimekwisha. Nje ya uwanja, dereva wa tuktuk (wanaziita bajaji, kama Watanzania) aliposikia natoka Kenya alishangilia, "Uhuru Kenyatta!" Uhuru alikuwa mmoja wa wapatanishi. Nauli hakunipunguzia hata kidogo.

Asubuhi nilipanda matatu ya Wukro. Niliambiwa inaondoka saa mbili, nayo ni saa mbili ile yetu, jua likishatoka. Wahabeshi wanahesabu saa kama Waswahili. Mwaka ndio tulioachana, kwao ulikuwa bado 2015. Njiani, wakulima walikuwa wakilima kwa maksai kwenye mashamba yenye mawe kuliko udongo, na Wukro nikaonyeshwa kiwanda cha ngozi kilichoporwa wakati wa vita.

Negash ni kijiji kidogo kilimani. Msikiti wake ulikuwa umekarabatiwa kwa msaada wa Waturuki miaka michache tu kabla ya vita. Mwishoni mwa 2020 ukapigwa kwa mizinga. Mnara ukabomoka kwa juu, na kuba la ziara, palipo makaburi, likaharibika. Nilisoma Fatiha, nikabaki nikitazama vifusi. Mzee mmoja aliyekuwa hapo akaniuliza, kwa Kiarabu cha kuungaunga kama changu, kama Waislamu wa pwani walisikia yaliyotokea. Nikamwambia tulisikia, tukalaani siku mbili tatu, kisha tukahamia habari nyingine. Akatikisa kichwa, akanikaribisha chai.

Mekelle nilipelekwa kwenye shule iliyogeuzwa makazi ya wakimbizi wa ndani, wengi kutoka Tigray ya magharibi, nchi ya ufuta, ambayo ilikuwa bado mikononi mwa vikosi vya Amhara. Familia kadhaa kwa darasa moja, shuka ndizo kuta. Miezi hiyo Marekani na Shirika la Chakula Duniani walikuwa wamesimamisha msaada wa chakula baada ya kugundua kuwa nafaka inaibwa na kuuzwa. Sikatai kwamba iliibwa. Lakini mwizi ana ghala lake. Waliolala njaa ni hawa wa darasani.

Dada mmoja wa Humera, mji wa huko Tigray ya magharibi, alitupikia kahawa, na hakutuacha tuondoke kabla ya kikombe cha tatu, wanachokiita baraka. Ndugu yake alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 60,000 waliokimbilia Sudan vita vilipoanza. Alifikia Um Rakuba, kambi iliyowapokea Wahabeshi wengine wakati wa njaa ya miaka ya 1980, akawa anafanya vibarua mashambani Gedaref na kumtumia dadake chochote anachopata. Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, na Wasudani wenyewe wakaanza kuvukia Ethiopia kwa maelfu kupitia mji wa mpakani wa Metema. Vibarua vikakatika. Kurudi Humera hawezi, nyumba yao inakaliwa na watu wengine. Mara ya mwisho simu iliposhika, yeye ndiye aliyeuliza kama Mekelle wanagawa chakula.